Siku Akaunti Ilipogoma Kurudi Sifuri

Nilikuwa mkuu wa idara ya fedha katika halmashauri ya mji mdogo kwa miaka sita. Ndani ya miaka hiyo nilitia saini mara nne mikopo ya kulipia mambo ya kila siku: mishahara, mafuta ya magari ya taka, umeme wa ofisi na wa pampu za maji. Wa kwanza na wa mwisho naitetea hadi leo. Miwili ya katikati ilitugharimu miaka ya kuhangaika, na kosa kubwa katika hiyo lilikuwa langu. Namwandikia mweka hazina, diwani au mkazi yeyote anayekaa kikaoni akiambiwa, "Ni mkopo mdogo tu, wa kuvukia."

Ilianza hivi. Mishahara ilipaswa kutoka tarehe 25. Tarehe 22 asubuhi nikafungua taarifa ya benki, nikakuta kilichomo hakifiki hata nusu ya orodha ya malipo. Ruzuku ya serikali kuu, ambayo kwetu ilibeba zaidi ya theluthi mbili ya matumizi yote, ilikuwa haijaingia. Nilipopiga simu nikaambiwa idhini imeshatoka, bado utekelezaji. Benki yetu ilikuwa na ovadrafti tayari kwa ajili yetu, yaani ruhusa ya kutoa fedha zaidi ya zilizomo kwenye akaunti: karatasi nne tu za kusaini. Mkurugenzi alisaini, mwenyekiti wa kamati ya fedha akasaini, na mimi nikasaini. Wafanyakazi walilipwa tarehe 25. Ruzuku iliingia wiki tano baadaye, tukalipa deni lote pamoja na riba, ambayo ilikuwa ndogo kiasi kwamba hakuna diwani aliyeuliza.

Mkopo huo ndio wa kwanza ninaoutetea. Fedha za kuulipa zilikuwa zinajulikana: zinatoka wapi, ni kiasi gani, na ziko njiani. Tulichokosa kilikuwa wakati, fedha zenyewe zilikuwapo. Kuwanyima watu mishahara wiki tano kwa sababu barua imekwama mezani kwa mtu ingekuwa ukatili usio na faida.

Tatizo ni kwamba tulifaulu. Mkopo ukifanya kazi vizuri mara ya kwanza, unabaki kichwani kama dawa iliyokuponya, na mtu aliyepona haulizi tena kama homa ya leo ndiyo ile ya jana.

Mwaka uliofuata bajeti yetu ililingana vizuri sana kwenye karatasi. Ililinganaje? Tulipogundua kwamba matumizi yamezidi mapato kwa karibu asilimia 9, hakuna idara iliyokubali kupunguza. Basi tukapandisha makisio ya mapato ya ndani. Kodi ya majengo ikaongezwa, ada za leseni zikaongezwa, ushuru wa maegesho ukaongezwa, yote kwa kalamu, bila kuongeza mkusanyaji hata mmoja wala kuhakiki nyumba hata moja. Nilikuwepo. Nilijua kwamba tulichokusanya mwaka uliopita hakikufika robo tatu ya makisio ya mwaka huohuo. Nilisema jambo hilo kikaoni mara moja, kwa sauti ya chini, kisha nikanyamaza. Kama unafanya kazi hii, ukisema jambo la namna hiyo liandike na ulisome lote, lipate kuingia kwenye muhtasari. La mdomoni halimkumbushi mtu chochote.

Mwezi wa nane ukakauka. Tukafungua tena ovadrafti, kwa maneno yaleyale ya mwaka uliopita. Lakini safari hii hakukuwa na ruzuku iliyochelewa. Ruzuku ilikuwa imeingia kwa wakati na imekwisha. Tulikuwa tunasubiri mapato tuliyoyabuni wenyewe.

Hapa ndipo ningependa msomaji anayeshika hesabu atulie. Kuna alama moja inayoonyesha tofauti kati ya mkopo wa kuvukia na shimo, na haihitaji shahada. Chora salio la ovadrafti la kila siku kwa mwaka mzima. Usitazame lilipofika juu kabisa; tazama lilipofika chini kabisa. Mwaka wetu wa kwanza mstari ulipanda, ukashuka, ukagusa sifuri, ukakaa hapo miezi saba. Mwaka wa pili uligusa sifuri siku mbili. Mwaka wa tatu haukugusa kabisa: sehemu yake ya chini ilikuwa sawa na mishahara ya mwezi mmoja na nusu. Sehemu ile isiyoshuka ndiyo shimo. Ilikuwa imeshakuwa deni la kudumu, ila ilivaa jina la deni la muda mfupi na ilitozwa riba ya muda mfupi, ambayo ndiyo kali.

Sheria za nchi kadhaa zimewekwa kuzuia jambo hili hili. Afrika Kusini, sheria ya fedha za manispaa ya mwaka 2003 inaruhusu deni la muda mfupi kuziba pengo linalotarajiwa kufunikwa na mapato halisi, lakini inataka lilipwe lote ndani ya mwaka huohuo wa fedha, na hairuhusu kulifufua kwa mkopo mwingine. Kenya, sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2012 inataka mikopo ya kaunti iende kwenye maendeleo na si kwenye matumizi ya kawaida, na ovadrafti isizidi asilimia 5 ya mapato ya kaunti yaliyokaguliwa karibuni. Zamani nilizihesabu sheria za namna hii kuwa pingu walizotengeneza watu wasiojua shida ya tarehe 25. Nadhani sasa waliozitunga walikuwa wameshaona ule mstari usiogusa sifuri.

Kosa langu mimi lilikuwa dogo kwa umbo. Katika taarifa ya robo mwaka kuna safu ya mapato. Fedha za mkopo zilipoingia, ziliingia benki kama fedha nyingine yoyote, na mfumo wetu ulihesabu taslimu iliyoingia na kutoka. Nilikuwa na uchaguzi wa kuziweka kwenye mstari wake, "mikopo", au kuzitia kwenye "mapato mengineyo". Mkurugenzi alisema tu, "Usiwatie hofu madiwani kabla ya wakati." Nikaandika mapato mengineyo. Namba moja, mstari mmoja. Baraza likapokea taarifa kwamba tumekusanya asilimia 96 ya makisio, wakapiga makofi, na katika kikao hichohicho wakapitisha ajira mpya kumi na nne.

Ajira kumi na nne! Watu wale hawakuwa na kosa lolote, na walihitajika. Lakini nilikaa nikitazama mikono ikinyooshwa kupitisha, nikijua mishahara yao ya mwezi wa kwanza itatoka benki kwa riba.

Baadaye nilisoma habari za New York ya mwaka 1975 na nikaona tulikuwa tumeiga bila kujua. Mji ule, wenye wataalamu kuliko wote, ulikuwa kwa miaka unauza hati za mkopo za muda mfupi kwa matarajio ya mapato ambayo mengine hayakuwahi kuja, na ulikuwa unaingiza gharama za uendeshaji kwenye bajeti ya ujenzi ili uzilipe kwa mikopo ya miaka mingi. Hesabu zilisoma vizuri hadi siku benki zilipokataa kununua hati mpya. Jimbo likaunda shirika maalumu la kuukopea mji, serikali ya Marekani ikatoa mikopo ya msimu, ya kulipwa ndani ya mwaka, na mji ukapoteza mamlaka juu ya bajeti yake. Maelfu ya wafanyakazi wakaachishwa. Ukipiga hesabu ya wale waliolindwa na mikopo kwa miaka ile, kisha ya waliofukuzwa kwa mkupuo baadaye, unaona kwamba hakuna aliyelindwa.

Kwetu benki haikukataa. Ilikuja na "suluhisho". Ovadrafti igeuzwe kuwa mkopo wa miaka mitatu, malipo madogo kila mwezi, na kwa kuwa sisi ni taasisi ya umma, dhamana iwe ruzuku yenyewe: fedha zikiingia, benki inakata yake kwanza, kinachobaki ndicho chetu. Nilisoma mkataba mara mbili usiku. Kifungu cha makato kilikuwa ukurasa wa kumi na moja, aya fupi. Nilikielewa. Kesho yake niliwaeleza wajumbe wa kamati ya fedha riba na marejesho ya mwezi, na kifungu kile nikakipitia haraka kama mtu anayeruka dimbwi. Kama kuna ushauri mmoja wa kuchukua katika aya hii, ni huu: ukiletewa mkataba, anza kusoma pale panaposema nani analipwa kwanza. Riba inajadilika. Ukishakubali kulipwa wa mwisho kwenye mapato yako mwenyewe, hujabakiwa na cha kujadili.

Matokeo yake yalikuwa ya ajabu kidogo. Kabla ya mkopo ule, tulikuwa na upungufu wa asilimia 9. Baada yake, marejesho yalikula karibu asilimia 7 ya kila tulichopata, na upungufu wa mwanzo ulikuwa bado pale pale, maana hakuna tulichobadilisha. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Wengi tunaisikia methali hiyo kama habari ya huzuni ya kulipa. Mimi siku hizi nalisikia neno harusi: wakati wa kukopa watu wana furaha, na mwenye furaha haulizi maswali.

Sasa hapa lazima niwe mkweli kwa upande wa pili, kwa sababu nimewahi kukaa na watu wanaosema kwa kujigamba, "Sisi halmashauri yetu haijawahi kukopa hata senti." Niliwauliza: wazabuni wenu mnawalipa baada ya siku ngapi? Michango ya pensheni mnaipeleka lini? Kimya.

Sisi wenyewe, kabla na wakati wa mikopo ya benki, tulikuwa na madeni mengine yasiyoandikwa popote kama madeni. Mkandarasi wa kutengeneza magari alikuwa anadai miezi kumi na moja. Alipoona hatulipi, akaongeza bei ya kila kipuri, na alikuwa na haki. Hiyo nayo ni riba, ila haina mkataba na hakuna anayeipitisha barazani. Nilipopiga hesabu ya bei zetu na za wanaolipa taslimu, tofauti ilikuwa kubwa kuliko riba ya benki.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kukopa kulipia matumizi ya nyuma ni haramu kwa kila hali. Jimbo la Illinois, Marekani, lilifika mwaka 2017 likiwa na bili zisizolipwa za zaidi ya dola bilioni 16, na baadhi ya hizo zilikuwa zinatozwa faini ya ucheleweshaji ya asilimia 1 kila mwezi. Likauza hati fungani, yaani hati za mkopo wa miaka mingi, za dola bilioni 6 kwa riba ya takriban asilimia 3.5 kwa mwaka na kulipa sehemu ya bili zile. Kukopa huko kulipunguza gharama. Kubadilisha deni ghali kwa deni nafuu kuna maana, ilimradi uache kuzalisha lile ghali. Sisi tulilipa nusu ya wazabuni kwa ule mkopo wa miaka mitatu, na ndani ya miezi kumi madeni yao yakawa yamerudi kimo kilekile, mkopo nao ukiwa juu yake.

Deni lililonivunja moyo lilikuwa la michango. Mwezi ukiwa mgumu, tulikata pensheni kwenye mshahara wa mfanyakazi, hati ya mshahara ikaonyesha imekatwa, lakini hatukuipeleka kwenye mfuko. Tulisema tutapeleka mwezi ujao. Ni mkopo rahisi kuliko yote: anayekukopesha hajui.

Dereva mmoja wa gari la taka alistaafu mwaka wangu wa nne. Alikuja ofisini na mfuko wa plastiki, ndani yake hati za mishahara za miaka ishirini na mitatu, amezipanga kwa miaka na kuzifunga kwa mpira. Mfuko wa pensheni ulikuwa umemrudisha: miezi kumi na tisa haionekani. Nilimpa kiti. "Mzee, samahani, tunalifuatilia," nikasema. Akatoa hati moja, akaweka kidole kwenye mstari wa makato, kidole chenye kucha iliyopasuka, akasema, "Mwanangu, hapa mmenikata. Sasa mimi nimekosea wapi nikarekebishe?"

Hakuwa anakejeli. Aliamini kweli kuna fomu alikosea kuijaza. Nilikuwa na maneno mengi ya kitaalamu kuhusu mtiririko wa fedha, na hakuna hata moja lililofaa kutamkwa mbele ya mfuko ule. Nilimwambia kosa ni letu. Alikaa kimya, akazikusanya hati zake, akazifunga tena kwa mpira uleule, akauliza arudi lini.

Wiki ile nikaandika orodha. Madeni yote, ya benki na yasiyo ya benki, ukurasa mmoja: anayedai, kiasi, tangu lini, na kinachotokea tusipolipa mwezi huu. Safu ya mwisho ndiyo iliyobadilisha mazungumzo, kwa sababu ilionyesha kwamba tulikuwa tunamlipa anayepiga kelele na kumwacha asiyejua. Niliupeleka ukurasa ule kwenye baraza zima badala ya kamati, na nikaanza kwa kusema kwamba taarifa ya robo mwaka ya mwaka uliopita ilikuwa na mstari wa uongo na niliuandika mimi. Nilitarajia kufukuzwa. Nilipata barua ya onyo, na diwani mmoja mwanamama ambaye kwa kawaida hakusema sana akauliza swali ambalo ilibidi niwe nimelijibu miaka mitatu kabla: "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba mkuu wa fedha atuambie, shilingi ya kulipa mkopo huu inatoka wapi, na inaingia tarehe ngapi?"

Kuna ofisi duniani ambazo swali hilo limewekwa mikononi mwa mtaalamu kisheria. Uingereza, sheria ya mwaka 1988 ya fedha za serikali za mitaa, kifungu cha 114, inamtaka ofisa mkuu wa fedha atoe taarifa rasmi akiona matumizi yatazidi fedha zilizopo, na matumizi mapya yanasimama. Halmashauri ya Birmingham ilitoa taarifa hiyo Septemba 2023, ya Croydon kabla yake mwaka 2020. Nilipoisoma sheria ile nilimwonea wivu ofisa yule, kwamba sheria inamlazimisha kusema kile ambacho mimi nilikisema kwa sauti ya chini. Lakini hata huko serikali kuu imekuwa ikiziruhusu baadhi ya halmashauri zilizozama kukopa au kuuza mali ili zilipie uendeshaji wa kila siku, kwa idhini maalumu. Kifungu kinapiga kengele, fedha hakileti.

Kutoka shimoni kulituchukua miaka miwili na nusu, na tulikosea tena njiani. Kosa la kwanza la kubana matumizi lilikuwa kukata matengenezo, kwa sababu mtaro haulalamiki. Msimu wa mvua kalavati moja ikabomoka na kuchukua kipande cha barabara. Kujenga upya kuligharimu mara nyingi zaidi ya kusafisha. Nikaongeza mstari kwenye ukurasa wangu wa madeni: matengenezo yaliyoahirishwa. Hilo nalo ni deni, na halina hata mtu wa kukuandikia barua ya kudai.

Vilivyosaidia havikuwa na mvuto. Makisio ya mapato yalifungwa kwenye wastani wa kilichokusanywa kweli miaka mitatu iliyotangulia, si kwenye matamanio. Nyumba zilihakikiwa upya mtaa kwa mtaa, na kodi ya majengo ikapanda taratibu bila kupandisha kiwango. Nafasi zilizoachwa na wastaafu hazikujazwa kwa mwaka na nusu, isipokuwa za afya na maji. Hilo liliumiza, na wafanyakazi waliobaki walinichukia kwa haki. Michango ya pensheni ikawa inatoka benki siku ileile ya mshahara, kwa agizo moja la malipo, ili isiwezekane kulipa kimoja bila kingine. Na benki ikakubali, baada ya miezi minne ya barua, kukata sehemu tu ya ruzuku badala ya kuchukua yake yote kwanza.

Kisha tukapitisha kanuni yetu wenyewe: ovadrafti yoyote lazima ikae sifuri walau siku thelathini mfululizo kila mwaka, na isipofika hapo, baraza linaitishwa kwa ajenda hiyo moja tu. Mhasibu kijana alibandika mchoro wa salio ukutani, nje ya mlango wangu, mahali kila anayekuja kudai anauona. Mwanzoni nilitaka auondoe.

Dereva yule alilipwa miezi yake kumi na tisa baada ya mwaka na miezi miwili. Alirudi kuniaga akiwa hana ule mfuko wa plastiki. Sikumwuliza aliishije kipindi chote kile.

Mwaka wangu wa mwisho mstari uligusa sifuri mwezi wa nne na ukakaa siku arobaini na sita. Mwezi wa kumi ruzuku ikachelewa tena. Nilimwita mhasibu, tukaandika chanzo cha fedha za kulipa, kiasi na tarehe, tukapeleka karatasi hiyo barazani pamoja na ombi la mkopo, na kwenye taarifa ya robo mwaka tukauweka chini ya neno "mikopo". Yule diwani akasoma ukurasa wote, akauliza ile tarehe tumeipata kwa nani, tukamwonyesha barua. Akanyoosha mkono kukubali. Tuliulipa siku ya thelathini na nane.